Sura ya Nne: Siku Tano, Mito Miwili

Adhana ya alfajiri ilitukuta kibarazani kwa Fundi, Nguvumali, tukijaza tairi upepo kwa mwanga wa simu. Tulikuwa saba. Fundi mwenyewe, aliyezeekea kazini akinyoosha rimu za mtaa mzima, Mwalimu, mstaafu wa shule ya msingi, mama mmoja mshonaji ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Dada, wanafunzi wawili wa sekondari, kijana wa bodaboda aliyeazima baiskeli ya baba yake, na mimi. Baiskeli nne zilikuwa Phoenix, zile nyeusi za breki za vyuma. Mbili zilikuwa za mtumba, za gia. Ya Dada ilikuwa ya kike, ina kikapu mbele, na kikapuni alitia kanga mbili, chupa ya chai na mkasi wake wa kazi.

Safari ilitokana na swali. Kwa miaka yote aliyofundisha, Mwalimu aliwauliza watoto wa darasa la tatu: maji ya Tanga yanatoka wapi? Nao wakamjibu kwa sauti moja: bombani. Akawaeleza habari za Bwawa la Mabayani, akawatajia Mto Zigi, akachora milima ubaoni. Jioni moja pale kibarazani akakiri kwetu kwamba mwenyewe hakuwahi kufika Amani, kule milimani mto unakoanzia. Fundi naye alikuwa hajafika. Hata mimi, niliyekunywa maji ya mto ule tangu utotoni, milima ya Usambara Mashariki nilikuwa naiona kwa mbali tu, samawati, ninapopita na basi. Basi tukakata shauri. Tutapanda na Zigi mpaka unakoanzia, kisha tutauona Mto Pangani na kuufuata mpaka unakoishia, turudi nyumbani kwa njia ya pwani. Siku tano.

Watu walitushangaa, na mshangao wao nauelewa. Tanga baiskeli ni chombo cha kazi. Mji ni tambarare, na ukisimama Ngamiani saa moja asubuhi, katika zile barabara zinazohesabiwa kwa namba kuanzia ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, utaona kila kitu kikipita juu ya magurudumu mawili: madafu, samaki, magunia ya mkaa, mtoto wa chekechea ameketi kwenye keria ameshika kiuno cha mama yake. Wanawake wa Tanga wanaendesha, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Ila kumwambia mtu wa Nguvumali kwamba unakwenda na baiskeli mlimani, hubebi kitu, huuzi kitu, ni kumtia wasiwasi. Ulaya watu huufuata Mto Danube kwa baiskeli kutoka Passau hadi Vienna, wakilala kwenye vijiji vya njiani, na kwao hilo ni jambo la kawaida la likizo. Mimi naamini sisi tuna haki zaidi ya safari hizo. Miguu tunayo tayari. Mito tunayo. Kilichokosekana ni kukubali kwamba mtu aweza kwenda kuitazama nchi yake bila mzigo kwenye keria.

Tulitoka kwa Majani Mapana na Kange, jua likachomoza tukiwa Pongwe. Kipande hiki cha barabara kuu sikipendi na sitakisifu. Malori ya saruji hupita karibu mpaka upepo wake unakuvuta, na bega la barabara mahali pengine limeliwa. Tulikwenda mmoja mmoja kwa mstari, Fundi nyuma kabisa na spana zake, na kila lori likitokea akapiga kelele, "Pembeni!" nasi tukaipokeza sauti hiyo mpaka kwa kijana wa mbele. Ngomeni tukapumzika. Hapo jirani ndipo ilipo Mlingano, kituo cha utafiti wa mkonge, na Mwalimu alitaka wanafunzi wajue kwamba mkonge chotara nambari 11648, uliotokana na utafiti wa huku kwetu, leo unalimwa mpaka China. Walimtazama kwa heshima, lakini macho yao yalikuwa kwenye machungwa. Tulikuwa tumekaribia Muheza.

Muheza ya msimu wa machungwa sina namna ya kuieleza ila kwa harufu. Tulikula mawili mawili, tukanywa chai, tukageuka kaskazini tukaiacha lami.

Hapo ndipo safari ilipoanza kweli. Barabara ya udongo inapita katikati ya mashamba ya Wabondei, minazi inapungua, migomba inaongezeka, na kila baada ya kona hewa inakuwa na unyevu zaidi. Alasiri tulisikia maji kabla ya kuyaona. Na pale pale, kama vile tumepangiwa, tairi la nyuma la Mwalimu likalala.

Nimeona Fundi akiziba pancha mara zisizohesabika, lakini siku ile nilimtazama kama mara ya kwanza. Akaipindua baiskeli, akalitoa tairi kwa mipini miwili ya vijiko, akaivuta tyubu taratibu kama mtu anayetoa utumbo wa samaki. Kibarazani kwake hutumia karai la maji machafu. Hapa alishuka mpaka ukingoni, akapiga magoti kwenye jiwe, akaizamisha tyubu ndani ya Zigi. Maji yalikuwa maangavu mpaka tuliona mchanga na majani yaliyolala chini. Akaizungusha kidogo, akasubiri, akaizungusha tena. Mara mapovu madogo yakaanza kupanda, moja baada ya jingine, kama shanga zinazotoka kwenye uzi. "Hapa," akasema. Akapakausha, akapakwangua kwa msasa, akaomba mkasi wa Dada na kukata kiraka cha duara kutoka kwenye kipande cha tyubu kuukuu. Akapaka gundi, akaipulizia, akabandika, akagongagonga kwa jiwe. Mwalimu alikuwa amechutama pembeni yake.

"Fundi, unajua haya maji yatafika kwako kabla yetu?"

"Yatafika, Mwalimu. Kwenye karai."

Usiku ule tulilala Zigi, langoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Wageni hupokelewa katika nyumba iliyokuwa ya mkuu wa stesheni enzi za Wajerumani. Stesheni, naam: mwanzoni mwa karne ya 20 tawi la reli lilitoka Tengeni likaja hadi Zigi kuchukua magogo. Reli ile iling'olewa zamani, msitu umeshafunika njia yake, na nyumba imebaki peke yake ikitazama miti iliyoponea.

Kwenye mawe yenye kivuli huota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Gavana wa wilaya ya Tanga enzi hizo, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitabuni kwa jina la familia ya gavana: Saintpaulia. Leo linakaa kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Dada alipoambiwa hivyo alichuchumaa akalitazama kwa muda mrefu bila kuligusa, kisha akauliza kama huku kwetu lina jina. Nadhani hilo ndilo swali bora lililoulizwa safarini.

Siku ya pili tulipanda. Kutoka Zigi mpaka Amani hapafiki kilomita kumi, lakini unapanda zaidi ya mita 400, kona juu ya kona, na mawe yanayoteleza chini ya majani. Vijana walianza kwa kasi. Kona ya nne tuliwakuta wamekaa. Phoenix haina gia. Ukishindwa kuikanyaga unashuka na kuisukuma, nasi tulisukuma karibu nusu ya njia, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti. Kusukuma kuna faida yake. Unasikia pumzi yako, kisha unasikia ndege, kisha vijito. Kila baada ya mita mia mbili tatu palikuwa na kijito kinachokatiza barabara, kingine chembamba kama kamba ya kiatu, na vyote vilikuwa vinaelekea tulikotoka.

Tulipishana na wanaume wanaoteremka na mizigo ya ndizi, mdalasini na iliki, gunia limefungwa mpaka juu ya kichwa cha mwendeshaji. Mmoja wao hakuwa na breki kabisa. Alikuwa amevua kandambili ya mguu wa kulia, ameishika mkononi na kuikandamiza kwenye tairi la nyuma, naye anateremka polepole, macho mbele, akitusalimia bila kugeuza shingo. Fundi alisimama akamtazama mpaka alipopotea kwenye kona. Akasema mtu yule ana ujuzi ambao yeye hana.

Amani iko kama mita 900 juu ya bahari. Wajerumani walianzisha hapo taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, na wakapanda miti ya kutoka kila pembe ya dunia, ukiwamo mkwinini, ambao magome yake ndiyo yaliyotoa dawa ya malaria. Baadaye palikuwa makao ya utafiti wa malaria kwa miaka mingi. Miti ile ingalipo, mingine imetoroka bustanini na kuingia msituni, na si yote iliyoleta heri; ipo inayokua haraka mno na kuwanyima mwanga wenyeji. Tulitembea chini yake jioni, kanga za Dada zikiwa mabegani mwa wanafunzi kwa baridi. Watoto wa Nguvumali hawakuwa wamewahi kuona mvuke ukitoka midomoni mwao.

Lililotuleta lilikuwa maji, na hapa nataka kukaa kidogo. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ikianguka juu ya udongo mtupu itashuka siku hiyo hiyo, nyekundu, ikibeba shamba la mtu, na itamwagika baharini kabla mjini hawajachota. Ikianguka juu ya msitu inapokewa na majani, inadondoka kwenye matandazo, inazama kwenye udongo laini wa mizizi, kisha inatoka taratibu kwa wiki na miezi. Ndiyo maana Zigi una maji hata kiangazi. Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, linahifadhi kile tu ambacho mlima umekubali kukiachia. Msitu ukikatwa, bwawa hupokea tope, na tope halinyweki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walivamia Sakale, huku huku milimani, kutafuta dhahabu kwenye vijito, na madhara yake yalishuka na mto.

Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wana umoja wao wa kuhifadhi mazingira, UWAMAKIZI. Mwanachama huacha kulima ukingoni mwa mto, hupanda miti, huchimba makinga maji kwenye miteremko. Mzee mmoja wa kijiji alitutembeza ukingoni mwa shamba lake. Alituonyesha kipande alichokuwa akilima magimbi mpaka kwenye maji, na sasa amekiacha kiote. Si kipande kikubwa. Labda vitanda ishirini vya kulalia vingeenea hapo. Lakini kwa mtu mwenye shamba dogo ni gunia moja au mawili kila mwaka. Dada alimwuliza nani anamlipa kwa gunia hilo.

"Mwanangu, nyinyi si ndio mnaokunywa?"

Hakuyasema kwa hasira. Alitukata ndizi, tukala, tukamwamkia tena kwa kuagana.

Wengine mlimani walijaribu njia ya kula msitu bila kuukata. Mradi wa vipepeo wa Amani uliwafundisha wanakijiji kufuga vipepeo na kuuza mabuu yao nje ya nchi, kwenye bustani za maonyesho Ulaya na Marekani. Ili upate kipepeo lazima uwe na mti anaoula, kwa hiyo mti ukawa na bei ukiwa umesimama. Mwaka 2016 serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai, vipepeo nao waliingia kwenye zuio hilo. Naelewa nia ya zuio. Naona pia kwamba mfugaji wa kipepeo na mwizi wa twiga hawakustahili kupimwa kwa kipimo kimoja.

Siku ya tatu tukateremka, na niseme wazi kwamba kuteremka ndiko kulikoniogopesha. Breki ya vyuma inabana rimu kwa kipande kidogo cha mpira. Mteremko ukiwa mrefu, rimu inapata moto, mpira unalainika, na breki inakuwa kama haipo. Fundi alitoa amri: kila kona ya tatu tusimame, tuguse rimu. Yangu, mara ya kwanza, iliniunguza kidole. Tuliimwagia maji ya kijito, ikatoa sauti ya kikaango. Alikuwa amebeba vipande vya tairi la gari alivyovikata nyumbani, na kabla hatujafika Zigi alishabadilisha mipira ya Phoenix tatu. Hakuna aliyeanguka.

Muheza tena, machungwa tena, kisha barabara kuu mpaka Hale, ambako sitasimulia njia kwa kuwa ilikuwa jua, lami na malori. Hale tuliufikia Mto Pangani. Baada ya Zigi, huu ni jitu. Unakuja kutoka Kilimanjaro na Meru, mwendo wa kama kilomita 500, ukipita Bwawa la Nyumba ya Mungu na Korogwe, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Hapa unafanyishwa kazi: kituo cha Hale, cha mwaka 1964, kilijengwa kuzalisha megawati 21, na chini yake Pangani Falls mpya, ya mwaka 1995, megawati 68. Kijana wa bodaboda, ambaye siku tatu alikuwa kimya kuliko wote, alisimama akiutazama mto kwa muda, akatoa simu mfukoni. Akasema basi hata hii chaji ni maji.

Kutoka hapo, siku ya nne, tulirudi Muheza na kushika njia ya Pangani. Hii ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, na hakuna mlima ndani yake. Barabara inatiririka taratibu kuelekea baharini, na pande zote mbili ni mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mwalimu aliendesha kando yangu akinisimulia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika pwani yetu ni 62 tu iliyokuwa hai, ikapandwa Kikogwe, jirani na mji wa Pangani. Kwa miaka mingi mkonge huo ndio uliojenga Tanga, ukaleta vibarua kutoka mbali, na babu zetu wengine wamo humo. "Sitini na mbili," alirudia Mwalimu, akikanyaga pedali. "Darasa langu moja lilikuwa na watoto wengi kuliko hao."

Mchana upepo ulibadilika ukawa na chumvi. Pangani mji ulitupokea kwa joto, milango ya nakshi iliyofifia, na mto uliopanuka mpaka umekuwa kama mkono wa bahari. Misafara ya bara iliishia hapa. Hapa pia, tarehe 15 Desemba 1889, Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani dhidi yao. Wanafunzi walitaka kuujua mti. Hatukuwa na wa kuwaonyesha.

Tulikaa ngazini kwenye gati, tukala bada na samaki, tukiangalia pantoni ikienda Bweni na kurudi. Mvuvi mmoja wa makamo alizikagua baiskeli zetu, akauliza tumetoka wapi, na alipojua tumeufuata mto alituambia jambo ambalo wenyeji wote wa hapo wanalijua. Maji ya chumvi yanapanda. Zamani yaliishia karibu na mlango wa mto. Sasa, kwa sababu mto unakuja na maji kidogo baada ya kunywesha mashamba na miji yote ya juu, bahari inaingia ndani zaidi, na minazi na mashamba ya kingoni yanaonja chumvi. Alinyoosha kidole kuelekea bara, tulikotoka, akakishikilia hivyo hivyo hewani huku akizungumza.

Siku ya tano ilikuwa fupi: kilomita 50 kwa barabara ya pwani. Tulipopita Machui, kijiji alichozaliwa mshairi Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa, Mwalimu alishuka kwenye baiskeli bila kusema, akavua kofia, akasukuma mpaka nyumba za mwisho. Nasi tukasukuma nyuma yake.

Nguvumali tulifika kabla ya adhuhuri. Watoto walitukimbilia kutoka mwanzo wa mtaa, "Shikamoo Fundi! Shikamoo Dada!" na kelele ya kengele zetu saba. Fundi hakukaa. Aliipindua baiskeli yake pale pale kibarazani, kwa kuwa tope jekundu la Amani lilikuwa limekaukia kwenye cheni. Dada alifungua bomba akalijaza karai. Waliiosha kwanza Phoenix ya Fundi, kisha kwa maji yale yale ya kwanza kijana wa bodaboda akaosha ya baba yake, kisha mwanafunzi mmoja akaosha yake. Maji yalikuwa mekundu kabisa. Mtoto wa jirani alilishika karai aende kuyamwaga mtaroni. Mwalimu akamzuia kwa mkono, akamwonyesha mpapai uliokuwa nyuma ya nyumba.